Mnembwa si kichaka cha kufyekwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba vichaka vyote vilivyosalia pembezoni mwa Jiji la Mwanza, kuanzia huku kwetu Buhongwa hadi upande wa Kisesa, vifyekwe kabla ya mvua za vuli, kwa hoja kwamba ndiyo maficho ya nyoka na vibaka. Hofu yake ninaielewa vizuri, kwa sababu nami nina wajukuu wanaorudi kutoka shuleni jioni na nisingependa wapite penye nyasi zinazowafika mabegani. Lakini msomaji huyo alilitumia neno "vichaka" kana kwamba vyote ni kitu kimoja kisicho na jina wala kazi, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Ndani ya vichaka hivyo umo mnembwa, na kwa mtu aliyekulia Kwimba akichunga ng'ombe wa babu yake, kuusikia mnembwa ukiitwa uchafu wa kuondolewa ni jambo linalouma.

Nianze na mti wenyewe, maana nimebaini kwamba vijana wengi wa mjini huupita kila siku bila kuujua. Mnembwa ni mti mdogo, mara nyingi wenye mashina kadhaa yaliyochipuka pamoja, ambao ukiachwa unaweza kufikia mita tano au sita, ingawa mingi ya huku kwetu haifiki hata mita tatu kwa sababu hukatwa kila mwaka. Hupenda ardhi kavu, miteremko yenye kokoto na nyufa za mawe makubwa ambayo jiji hili linasifika kwayo. Matawi yake yana miiba iliyonyooka, na majani yake madogo hukaa kwa mafungu kwenye vitawi vifupi. Watu wa pwani wanao ndugu yake wanaomwita mtundakula, na Wagogo nao wana jina lao, mtundwe. Wataalamu wa mimea huuita huu wetu Ximenia caffra, na mtundakula huuita Ximenia americana. Tofauti iliyo rahisi kuiona ni kwamba mtundakula huzaa tunda linaloelekea zaidi kwenye manjano, na majani yake ukiyafikicha hutoa harufu kama ya lozi chungu. Ua la mnembwa ni dogo, rangi yake ya maziwa iliyochanganyika na kijani, na ukilifungua kwa ukucha utaona ndani ya petali zake manyoya meupe yaliyosimama kama ndevu. Nyuki hulipenda mno. Mwisho wa kiangazi, wakati pori zima limekauka na kuwa la kijivu, mara nyingi niliugundua mnembwa kwa kusikia mvumo wa nyuki kabla ya kuuona mti wenyewe.

Tunda lake lina ukubwa wa pingili ya kwanza ya dole gumba. Huanza likiwa kijani, likaingia rangi ya chungwa, kisha likawa jekundu lenye vidoa vidogo vyeupe, kana kwamba limenyunyiziwa unga. Sisi wachungaji tulijifunza mapema kwamba tunda lililo gumu halifai, kwa kuwa hukausha ulimi na kukaza meno. Lililoiva sawasawa hulegea kidogo kati ya vidole, ganda lake jembamba hupasuka kwa jino moja, na maji yake makali yenye utamu wa mbali huamsha koo la mtoto ambaye ametembea tangu alfajiri bila kunywa maji. Ukifika karibu na kokwa unakutana na uchungu kidogo, na mtoto mzoefu hujua kuishia hapo. Tulikuwa tukiyajaza kwenye mikunjo ya kaptula tukarudi nayo nyumbani yakiwa yamepondeka nusu, na hakuna mzazi aliyetugombeza kwa madoa hayo, kwa sababu yeye mwenyewe aliyasubiri.

Aliyasubiri kwa sababu ya majira yake. Katika Usukuma wa ndani, mbali na Ziwa, mvua si nyingi kama hapa mjini. Mwanza hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, lakini ukielekea Shinyanga kiwango hicho hupungua sana, na mwaka mbaya hupungua hadi watu wakaanza kuuza ndama. Kaya iliyojipanga vizuri iliweka michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na udaga wa muhogo, pamoja na nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, za kutosha, lakini kufikia Desemba na Januari ghala nyingi zilikuwa zimebaki na vumbi huku mahindi mapya yakiwa bado yako chini ya goti. Ni katika miezi hiyo hiyo ambapo mnembwa wa kwetu uliiva. Wataalamu wa lishe wamelipima tunda hili na kukuta lina vitamini C na madini ya potasiamu, lakini bibi yangu hakuhitaji kuambiwa hayo ili atutume porini na kikapu. Alijua kwamba mtoto anayekula ugali wa udaga kwa mboga kavu wiki baada ya wiki anahitaji kitu kibichi, na kitu kibichi kilichopatikana bila fedha kilikuwa mlimani.

Kokwa hazikutupwa. Jambo hili nataka nilieleze kwa kirefu, kwa kuwa sijawahi kuona likiandikwa magazetini na waliokuwa wakilifanya wanazidi kupungua. Bibi alizianika kokwa juu ya ungo kwa siku chache, akazivunja moja moja kwa jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, kwa pigo jepesi ambalo sisi watoto tulijaribu tukaishia kuponda kila kitu. Gamba lake si gumu. Ndani yake hutoka kiini cheupe, laini, chenye kuteleza. Viini hivyo alivikaanga kidogo kwenye kigae cha chungu, akavitwanga kwenye kinu mpaka vikawa kama uji mzito unaong'aa, kisha akavichemsha kwa maji mengi na kuyaengua mafuta yaliyopanda juu. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini hicho ni mafuta, kwa hiyo kazi yake haikuwa ya bure. Yalikuwa mazito, ya rangi ya asali nyepesi, na hatukuyala. Yalipakwa kwenye nyayo zilizopasuka wakati wa kiangazi, kwenye midomo na kwenye nywele, na babu aliyatumia kulainisha kamba za ngozi za kufungia ng'ombe wakati wa kukamua, akizivuta taratibu kati ya vidole hadi zikajikunja bila kuvunjika. Kamba iliyopakwa mafuta ya mnembwa haikukatika msimu mzima. Nasikia fahari kuyasema haya sasa, kwa kuwa kusini mwa Afrika, hasa nchini Namibia, wanawake wa vijijini huokota kokwa za miti ya jamii hii na mafuta yake huuzwa kwa watengenezaji wa vipodozi. Kile ambacho bibi yangu alikiweka kwenye kibuyu nyuma ya mlango, kwingine kina soko.

Matumizi mengine nayataja kwa kifupi. Shina lake ni gumu na hutoa mpini mzuri wa jembe au shoka, gome lake lina asili ya kukausha na hutumika kusindika ngozi za mifugo, na mbuzi hula majani yake. Waganga wetu hutumia mizizi yake kwa tumbo la kuhara na kwa homa. Kuhusu dawa, hata hivyo, nisingependa msomaji yeyote achimbe mzizi kwa sababu ya barua hii. Mimea ya jamii hii hubeba pia vitu vyenye madhara, na majani ya mtundakula hasa yana sumu ya aina ya sayanidi, kiasi kwamba wanaoyala kama mboga huyapika kwa muda mrefu na kwa kiasi kidogo. Tunda lililoiva ndilo ninalolitetea hapa, pamoja na mafuta ya kupaka. Mwenye kuhara aende zahanati.

Nirudi kwenye hoja ya kufyeka. Si mara ya kwanza Usukuma kuambiwa kwamba vichaka ni adui. Katika miaka ya 1920, ugonjwa wa malale ulipozuka katika eneo la Maswa, Serikali ya kikoloni ilianza kuwakusanya watu wafyeke mapori ili kuondoa mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya bwana Swynnerton. Kazi hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa. Mbung'o walikuwa tishio la kweli na watu walikufa. Siwalaumu waliotaka kuwaondoa. Lakini baada ya mapori kulikuja pamba na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, mifugo ikaongezeka, na mwaka 1974, tulipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, kaya nyingi ziliacha nyuma mahame yao pamoja na ngitili zilizokuwa zikitunzwa. Kwa wasiojua, ngitili ni eneo ambalo kaya au kijiji hulifunga mvua zinapoanza ili majani yakue, kisha likafunguliwa kwa mifugo katikati ya kiangazi. Ngitili ya babu yangu ilikuwa na minembwa sita ambayo niliijua kila mmoja kwa ladha yake. Tulipohama nilikuwa na umri wa miaka kumi, na niliporudi kuangalia nikiwa kijana sikukuta hata kisiki.

Kilichofuata kinajulikana, na tungepaswa kukitaja mara nyingi zaidi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaujua kama HASHI, na hadi ulipomalizika mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilikuwa zimerejeshwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanywa kwa miche. Ilifanywa kwa kuifunga ardhi na kuviacha visiki na mizizi iliyokuwa bado hai vichipue. Watafiti waliokwenda kuhesabu faida walikuta kwamba kaya hazikuwa zikipata malisho peke yake, bali pia kuni, nyasi za kuezekea, asali, uyoga, dawa na matunda ya pori. Majirani zetu wa Shinyanga, ambao ardhi yao ni kavu kuliko yetu, walikwisha kuthibitisha kwamba kichaka kikiachwa kwa utaratibu hulipa.

Somo hilo la visiki ndilo linalonifanya nitofautishe panga na greda. Panga haliumalizi mnembwa. Ukikatwa huchipua kutoka kwenye kisiki, na hata kwenye mizizi, kwa hiyo mama anayekata tawi la kuni hajaua kitu. Kinachoumaliza ni mashine inayokwangua udongo na kuung'oa mzizi. Mwezi Juni mwaka huu, katika kiwanja kilicho jirani na kwangu, greda lilifanya kazi hiyo kwa muda usiozidi saa moja. Nilikwenda jioni kuangalia lundo lililosukumwa pembeni. Mnembwa niliokuwa nikiujua kwa miaka 19 ulikuwa umelala kichwa chini, mzizi wake mkuu umechanika kwa urefu, na udongo mwekundu ukiwa bado umeshikamana na vinyuzi vyake. Watoto wa mtaa walikuwa wamezoea kuja hapo kila msimu wakiwa na makopo. Dereva simlaumu, aliambiwa asafishe, naye alisafisha. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyekuwa ameambiwa aangalie kwanza.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye kitalu kimoja cha miche kuuliza kama wana mnembwa. Kijana aliyekuwapo, mwenye adabu na anayeipenda kazi yake, alinionyesha mikaratusi, miashoki, mikeria na miembe ya kisasa, kisha akaniambia: "Mzee wangu, hiyo ni miti ya porini, inajiotea yenyewe." Sikumjibu papo hapo, lakini jibu lake nililibeba njia nzima. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tulikuwa na samaki aina ya furu, ambao nao walijizalia wenyewe na hakuna aliyefikiri kuwatunza. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka au zimebaki kidogo sana. Sisemi sangara hakuleta fedha, maana nyumba nyingi hapa Mwanza zimejengwa kwa fedha yake. Nasema tu kwamba kile kinachojiotea au kujizalia chenyewe kinahitaji mahali pa kufanyia hivyo, na mahali hapo ndipo tunapopachukua sasa, kiwanja baada ya kiwanja.

Kila tarehe 1 Aprili tunaadhimisha Siku ya Kitaifa ya Upandaji Miti, na kila halmashauri imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ni agizo zuri. Ombi langu kwa wakurugenzi na maofisa misitu wa halmashauri za Mkoa wa Mwanza ni kwamba katika idadi hiyo iwemo sehemu inayoonekana ya miti ya matunda ya asili yetu: mnembwa, mkwaju, mfuru, mkole na mingine ambayo wazee wa kila kata wataitaja wakiulizwa. Shule za msingi ndizo mahali pake hasa. Mkaratusi uliopandwa shuleni hautamlisha mtoto kitu, na mwashoki hautampa hata kivuli cha kukaa wawili.

Kwa watakaosema kwamba mnembwa haukubali kuoteshwa, nawapa nilichokiona mwenyewe. Msimu uliopita nilisia kokwa 30 siku tatu baada ya tunda kuliwa, katika vifuko vya kawaida vyenye udongo uliochanganywa na mchanga, na kufikia wiki ya nne zaidi ya nusu zilikuwa zimechomoza. Nyingine 30 nilizikausha nikaziweka kwenye kopo hadi Julai, na kati ya hizo ziliota mbili tu. Mbegu yenye mafuta mengi kiasi hicho haikai. Isiwe mbegu ya kuhifadhiwa stoo ikisubiri bajeti. Jambo la pili ni kwamba mizizi ya mnembwa hujishikiza kwenye mizizi ya mimea jirani na kunyonya sehemu ya maji na chakula chake, ingawa majani yake pia hujitafutia. Kwa hiyo upandwe kwenye uzio wa minyaa, kwenye ngitili, mlimani kati ya mawe au kando ya miti mingine, na usipandwe katikati ya mahindi ukaja kulaumiwa.

Kuhusu soko sitaki kudanganya. Tunda la mnembwa ni laini na halivumilii safari, ndiyo maana hatulioni Soko Kuu karibu na ukwaju na ubuyu ambavyo vinaweza kukaa kwenye gunia miezi kadhaa. Nimeliona mara chache likiuzwa kwa kisahani na akina mama wanaotoka vijijini, nalo huisha kabla ya saa nne asubuhi. Lakini wapo wanaotengeneza juisi na jamu katika mitaa yetu, na wapo wanaotengeneza sabuni na mafuta ya kupaka majumbani. Nawaomba walijaribu tunda hili na kokwa zake kwa usafi na vipimo, kwa sababu kitu chenye bei hakifyekwi ovyo.

Nyoka sijawasahau. Nyoka huenda kwenye panya, na panya huenda kwenye takataka, mabaki ya chakula, marundo ya matofali na nyasi ndefu. Mnembwa uliosimama peke yake, chini yake pakiwa pamefagiliwa, haufichi nyoka zaidi ya mwembe. Nyasi zilizo karibu na nyumba zifyekwe, njia za watoto ziwe wazi, taa ziwekwe, takataka ziondolewe. Katika hayo mimi na msomaji mwenzangu tuko pamoja, na nitakwenda na fyekeo langu siku itakayopangwa. Ninachoomba ni kwamba kabla ya greda kuingia kwenye kiwanja chochote, mwenye kiwanja na mjumbe wa mtaa wapite kwa miguu wakiwa na mzee mmoja anayejua miti, wachague ile isiyogusa msingi wa nyumba, nayo ibaki.

Huku kwetu tumeshaanza na mmoja. Upo kwenye kona ya kiwanja cha pili kutoka kwangu, umeota kwenye ufa wa jiwe ambalo kwa vyovyote hakuna anayeweza kujenga juu yake. Nimezungumza na mwenye kiwanja, kijana anayetarajia kuanza kuchimba msingi mwezi ujao, naye amekubali ubaki. Tumeufunga kitambaa chekundu kwenye shina, urefu wa kifua cha mtu mzima, ili dereva auone akiwa juu ya mashine yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Buhongwa,
Mwanza